Kuchora uso wa perovskaiti ili kihisi mwanga kinase zaidi: mwongozo kamili

Kabla hujagusa kalibu yoyote, chukua kalamu upige hesabu ya mwanga unaopotea. Wengi huanza na picha nzuri za hadubini, matuta yamepangika safu kwa safu, halafu ndipo wanatafuta sababu ya kuyasifu. Kinachofaa ni kinyume chake. Jua kwanza kihisi chako kinapoteza nini na kwenye rangi gani, kisha uamue kama uso wenye matuta utarudisha chochote.

Perovskaiti ninayoizungumzia si ile madini ya titanati ya kalisi aliyoielezea Gustav Rose mwaka 1839. Ni ndugu zake wa halidi, hasa MAPbI₃, yaani iodidi ya risasi na methilamoniamu, semikondakta iliyoingia katika seli za jua mwaka 2009 kupitia kundi la Tsutomu Miyasaka huko Japani. Miaka michache baadaye ikahamia kwenye vihisi mwanga, na kwa sababu njema: humwagwa kama kimiminiko, huokwa kwa nyuzi 100 tu za selsiasi, na humeza mwanga vizuri mno. Hilo la mwisho ndilo linalofanya uchoraji wa uso kuwa jambo la kufikiria mara mbili.

Hesabu ya upotevu

Fahirisi ya mpindo, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyoupinda mwanga, ya MAPbI₃ katika sehemu kubwa ya mwanga unaoonekana ni karibu 2.5. Mwanga unaotoka hewani na kuupiga utando huo wima huakisiwa kwa kiasi cha ((2.5 − 1) ÷ (2.5 + 1))², takriban asilimia 18. Ukiingiza mwanga kupitia kioo, uso wa kioo na hewa hula asilimia 4, na mpaka wa kioo na perovskaiti hula nyingine 6 hivi, ukipuuza safu ya elektrodi angavu iliyo katikati. Basi kihisi kinachopokea mwanga moja kwa moja kutoka hewani kina karibu tano moja ya kuokoa, na kile kinachopokea kupitia kioo kina sehemu moja ya kumi.

Upotevu wa pili ni mwanga unaoingia na kutoka bila kumezwa. Kwa bluu, mgawo wa ufyonzaji hufika karibu 10⁵ kwa sentimita, kwa hiyo utando wa nanomita 500 humeza zaidi ya asilimia 99 ya kilichoingia, kwa safari moja. Hapo hakuna cha kuongeza. Ukikaribia ukingo wa ufyonzaji, ambao kwa MAPbI₃ uko kati ya nanomita 780 na 800, mgawo hushuka kuelekea 10⁴. Utando uleule sasa humeza asilimia 39 tu kwa safari moja, au 63 ikiwa nyuma kuna elektrodi ya chuma inayourudisha mwanga kwa safari ya pili.

Kwa hiyo kama kihisi chako kinasoma LED ya bluu, achana na matuta. Safu nyembamba ya floridi ya magnesi juu ya kioo, unene wa robo ya wimbi, itashusha mwakisiko wa kioo kutoka asilimia 4 hadi kitu kama 1.3, na kazi imekwisha. Kama unasoma nyekundu ya mwisho, nanomita 700 hadi 790, au kama utando wako ni mwembamba kwa makusudi, endelea kusoma. Kwa perovskaiti ya bromidi kama CsPbBr₃ ukingo uko karibu na nanomita 530, na hesabu zote zinahamia huko.

Kuchagua nafasi kati ya matuta

Hapa ndipo kazi nyingi hushinda au hushindwa, na bahati nzuri panahitaji hesabu ya shule tu. Matuta yaliyopangwa kwa nafasi sawa hugawa mwanga katika miale ya pembeni. Ndani ya utando, mwale wa kwanza huelekea pembe ambayo sin θ = λ ÷ (n × nafasi), λ ikiwa urefu wa wimbi na n fahirisi ya utando. Tunachotaka ni mwale huo uwepo ndani ya perovskaiti, lakini usiweze kutoka hewani wala kwenye kioo, ubaki umenaswa ukitembea mlalo hadi umezwe. Kwa fahirisi ya 2.5 kwa utando na 1.5 kwa kioo, sharti hilo linatimia pale urefu wa wimbi unapokuwa mkubwa kuliko mara 1.5 ya nafasi na mdogo kuliko mara 2.5 ya nafasi. Kwa mwanga wa nanomita 700, nafasi inayofaa ni kati ya nanomita 280 na 467. Ukitoka nje ya dirisha hilo utapata rangi za upinde wa mvua za kupendeza na faida kiduchu.

Diski za kawaida ni mfano mzuri, na pia ni kalibu za bei rahisi kuliko zote. Mifereji ya CD imeachana kwa nanomita 1,600, ya DVD kwa 740, ya Blu-ray kwa 320. Chukua CD na mwanga wa nanomita 700: mwale wa kwanza ndani ya utando unainama nyuzi 10 tu, na safari yake inarefuka kwa asilimia moja na nusu. Hayo ni mapambo. Chukua DVD na mwanga wa nanomita 650: mwale unainama nyuzi 20.6, safari inarefuka kwa asilimia 7, na kwa kuwa pembe ya kunaswa dhidi ya hewa ni nyuzi 23.6, mwale huo bado unatoka. Mwale wa pili wa DVD, ulioinama nyuzi 45, hunaswa, ila mifereji isiyo na kina kirefu haiupi nguvu nyingi. Sasa chukua Blu-ray. Dirisha lake linaanzia nanomita 480 na kuishia 800, yaani limeufunika ukingo wa MAPbI₃ karibu wote. Kwa nanomita 750 mwale unainama karibu nyuzi 70, yaani unakaribia mlalo.

Tafiti nyingi hutumia CD na DVD kwa sababu ni rahisi kuzibandua, na hupata ongezeko. Nitarudi kwenye swali la ongezeko hilo linatoka wapi, maana mara nyingi halitoki kwenye mwanga.

Kina cha matuta kiwe nanomita 100 hadi 200 ukitaka kunasa. Ukitaka kuzuia mwakisiko tu, kwa mtindo wa jicho la nondo, unahitaji kitu tofauti: vinundu vilivyokaribiana chini ya nanomita 240, ili visigawe mwanga hata ndani ya utando, na virefu, nanomita 250 au zaidi, vikipungua unene kuelekea juu. Hivyo ni vigumu kuchapa kwenye perovskaiti yenyewe bila kuvunjika. Mimi huona mahali pake ni juu ya kioo.

Jambo moja la kukumbuka: mistari ya mwelekeo mmoja huipokea tofauti nuru iliyopolishwa, yaani yenye mawimbi yanayotikisika upande mmoja tu, kulingana na mwelekeo wake. Kama kifaa chako kinapima upolishaji, hiyo ni neema. Kama kinapima ukali wa mwanga tu, ni kero, na tiba yake ni matuta ya pande mbili, kwa mfano vinundu vilivyopangwa kimraba.

Uso upi uchorwe

Kuna nyuso tatu. Ya nje ya kioo ndiyo salama kuliko zote: unabandika ngozi ya mpira wa PDMS yenye chapa, semikondakta haiguswi, na ukikosea unabandua. Faida yake ina kikomo, kwani inashughulikia ile asilimia 4 na kuupindisha kidogo mwanga unaoingia. Uso wa pili ni wa kioo chini ya perovskaiti, ambapo unachonga bamba kabla ya kumwaga utando. Shida yake ni kwamba kimiminiko hujaza mabonde na kuacha vilele vikiwa na utando mwembamba. Uso wa tatu ni wa perovskaiti yenyewe, unaogandamizwa kwa kalibu wakati bado ni laini. Mwongozo huu unafuata njia hii ya tatu, kwa kuwa ndiyo yenye faida kubwa na hatari kubwa pia.

Aina ya kihisi nayo inaamua. Kihisi cha mlalo, kile chenye elektrodi mbili za dhahabu kwenye kioo na perovskaiti juu yake, hupokea mwanga kutoka juu, kwa hiyo matuta yako yanapambana na ile asilimia 18 uso kwa uso. Ni rahisi kutengeneza na ndicho cha kuanzia. Fotodaiodi ya wima hupokea mwanga kupitia kioo, na matuta hukaa nyuma, chini ya chuma, yakiutawanya mwanga uliobaki baada ya safari ya kwanza. Inatoa kasi zaidi na mkondo mdogo zaidi gizani, ila safu kila moja lazima ifuate mabonde bila kuacha tundu.

Usalama kwanza, kwa ufupi

Chumvi za risasi zinazoyeyuka ni sumu. DMF, mojawapo ya viyeyushi viwili vya kazi hii, hudhuru uzazi, hupenya ngozi, na hupita kwenye glavu nyembamba za nitrili ndani ya dakika chache, kwa hiyo vaa glavu za butili au badilisha mara tu tone linapodondoka. DMSO, kiyeyushi cha pili, huvuta pamoja nayo kupitia ngozi chochote kilichoyeyushwa ndani yake. Fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta mvuke, kusanya taka za risasi kwenye chupa yenye alama, na usimwage chochote kwenye sinki. Leza ya kukagulia isielekezwe kwenye uso wa mtu, na miale yake iliyogawanyika pia ni leza.

Kutengeneza kalibu

Tumia diski tupu za kuandikia, zenye mfereji usiokatika, si zile zilizochapwa kiwandani zenye vishimo. Kwenye CD chuma kiko chini tu ya rangi ya juu: kwaruza ukingo, bandika utepe wa gundi, vuta, kitatoka na rangi yake. DVD ni mabamba mawili ya polikaboneti yaliyounganishwa. Ingiza wembe ukingoni na uyatenganishe taratibu, kisha chukua nusu yenye mifereji. Blu-ray ina ngozi ya kinga ya milimita 0.1 tu juu ya mifereji, nayo hubanduka kwa shida, mara nyingi vipande vipande, kwa hiyo tayarisha diski kadhaa. Osha rangi iliyobaki kwa ethanoli au isopropanoli. Usitumie asetoni, inaiharibu polikaboneti papo hapo. Kata kipande kutoka sehemu ya nje ya diski, ambako mistari imenyooka zaidi.

Changanya PDMS sehemu 10 kwa 1 ya kigandishi, ondoa mapovu kwenye chombo cha ombwe, mimina juu ya diski kwa unene wa milimita 2 hadi 3, kisha oka kwa nyuzi 60 kwa saa kadhaa. Usiwe na haraka ya kupandisha joto. Mpira uliookwa kwa joto la juu husinyaa zaidi, hadi asilimia 2 hivi, na polikaboneti hulainika karibu na nyuzi 147. Kwa matuta ya Blu-ray, PDMS ya kawaida huwa laini mno na matuta huelekea kulaliana. Weka kwanza safu nyembamba ya PDMS ngumu, ile ya mnyororo mfupi, kisha uiegemeze kwa PDMS ya kawaida.

Wakati huohuo mimina PDMS ileile juu ya kipande cha silikoni au kioo kilicho laini kabisa. Hiyo ni kalibu bapa, na bila yake kazi yote iliyobaki haina ushahidi.

Kagua kalibu kwa leza. Ielekeze wima, pima pembe ya mwale wa kwanza, na nafasi ni λ ÷ sin θ. Leza nyekundu ya nanomita 650 kwenye nafasi ya 740 hutoa mwale kwa nyuzi 61, na kwenye 1,600 kwa nyuzi 24. Kwenye 320 hakuna mwale utakaotoka hewani ukiipiga wima. Badala yake chukua leza ya zambarau ya nanomita 405 na uinamishe kalibu hadi mwale urudi ulikotoka. Hapo nafasi ni λ ÷ (2 sin θ), na pembe iwe karibu nyuzi 39.

Kumwaga utando na kupiga chapa

Kwa mililita moja ya myeyusho wa molari 1.2, pima miligramu 553 za iodidi ya risasi na 191 za iodidi ya methilamoniamu, uziyeyushe katika DMF na DMSO kwa uwiano wa 9 kwa 1. Chuja. Safisha bamba la kioo kwa sabuni, maji yaliyotakaswa na isopropanoli, kisha liweke kwenye ozoni ya mwanga wa urujuanimno kwa dakika 15. Fanya yote yanayofuata ndani ya naitrojeni kavu ukiweza, la sivyo unyevu wa hewa uwe mdogo na usiobadilika.

Zungusha kwa mizunguko 4,000 kwa dakika. Karibu na sekunde ya kumi, dondosha klorobenzini kwa mkono thabiti. Kimiminiko hiki kinzani kinafukuza DMF ghafla na kuacha utando angavu wenye rangi ya kahawia hafifu, ambamo DMSO bado imeshikana na iodidi ya risasi. Huo ndio udongo wako wa mfinyanzi: una umbo lakini bado unatii kidole. Dirisha la kuuchapa ni fupi, na urefu wake unategemea chumba chako. Utando ukishageuka mweusi umechelewa.

Acha mzunguko uendelee mpaka klorobenzini ikauke kabisa kabla ya kuweka kalibu. Si nadharia hii: PDMS haijali DMF wala DMSO, lakini klorobenzini huifanya ivimbe kwa kiasi kikubwa, na kalibu iliyovimba huchapa nafasi isiyo sahihi na hung'oa utando inapobanduliwa.

Weka kalibu kuanzia ukingo mmoja na uishushe polepole ili hewa isinaswe. Kandamiza kwa uzito uliosambaa sawasawa. Kinachohitajika ni mguso kamili, si nguvu, kwani matuta ya PDMS yakizidiwa hulala. Hamishia kwenye bamba la joto la nyuzi 60 kwa dakika chache, kisha 100. DMSO lazima ipenye kupitia mpira, kwa hiyo uokaji huchukua muda mrefu kuliko wa utando ulio wazi. Pale ambapo dakika 10 zingetosha, anza na 20 na ukague. Acha ipoe hadi joto la chumba kabla ya kubandua, kisha bandua kwa kufuata mwelekeo wa mistari, kamwe usikatize.

Kama unatengeneza kihisi cha mlalo, elekeza mistari sambamba na njia ya mkondo, kutoka elektrodi hadi elektrodi. Ukiikatiza, kila elektroni italazimika kupita chini ya kila bonde, sehemu nyembamba kuliko zote.

Ipo njia nyingine, ya kugandamiza perovskaiti iliyokwisha kuwa fuwele kwa kalibu ngumu ya silikoni, joto la nyuzi 100 hivi na mashinikizo makubwa ya kufikia bari 100. Hutoa nyuso laini ajabu. Inahitaji mashine maalumu na kalibu iliyopakwa kizuia-gundi, na wasomaji wengi hawatakuwa nayo.

Hesabu ya unene usiisahau. Utando wa nanomita 500 ukichapwa matuta ya kina cha 120, nusu kwa nusu, unabaki na 440 mabondeni na 560 vileleni. Huo ni salama. Utando wa 250 uliochapwa kina cha 200 unabaki na 150 mabondeni, na hapo mikondo ya kuvuja huanza kujipenyeza.

Kukagua kabla ya kuendelea

Leza uliyokagulia kalibu itumie tena juu ya utando. Mwale ukionekana mahali palepale na ukiwa mkali, chapa imeshika. Mwale hafifu uliozungukwa na ukungu maana yake chembe za fuwele zimekua kubwa kuliko matuta na kuyavuruga. Hadubini ya nguvu za atomu itakupa kina halisi, ambacho karibu kila mara ni pungufu ya kile cha kalibu. Halafu pima mwakisiko na mpito wa mwanga kwa tufe la kukusanyia mwanga, kwa sampuli bapa na yenye matuta. Kilichobaki baada ya kutoa hivyo viwili kutoka 100 ni ufyonzaji, na namba hiyo utaihitaji sana baadaye. Kipima-spektra kisicho na tufe hakifai hapa, kwa sababu huhesabu mwanga uliotawanyika pembeni kana kwamba umemezwa.

Kumalizia kihisi

Kwa kihisi cha mlalo, elektrodi za dhahabu huwa zimeshawekwa kabla ya kumwaga. Kilichobaki ni kutuliza uso. Uso wenye matuta una eneo kubwa zaidi, na eneo kubwa lina kasoro nyingi zinazonasa chaji. Safu hafifu ya iodidi ya fenethilamoniamu, miligramu chache kwa mililita ya isopropanoli, iliyozungushwa haraka, hufunga sehemu kubwa ya kasoro hizo. Usiiache ikae: isopropanoli hutoa methilamoniamu nje ya utando taratibu.

Kwa fotodaiodi ya wima, kanuni ni moja: juu ya matuta tumia safu zinazowekwa kwa mvuke. C₆₀ (molekuli za kaboni zenye umbo la mpira) iliyovukizwa hufuata mlima na bonde kwa unene karibu sawa. Safu za kuzungusha hujaza mabonde na kuacha vilele uchi, na chuma kikigusa kilele una njia ya mkato ya umeme. Ukilazimika kuzungusha, ongeza unene hadi vilele vifunikwe, ukijua kwamba unaongeza ukinzani.

Kupima, na kujua faida imetoka wapi

Tengeneza makundi matatu siku moja, kutoka chupa moja ya myeyusho: utando usioguswa, utando uliogandamizwa kwa kalibu bapa, na utando wenye matuta. Kila kundi liwe na vihisi vya kutosha kuona mtawanyiko, na uripoti kihisi cha katikati, si bingwa.

Sababu ya kundi la pili ni hii. Kugandamiza utando wakati unaokwa hunasa mvuke wa kiyeyushi, hupunguza kasi ya ukuaji, na hutoa chembe kubwa zenye uso laini. Hilo peke yake huongeza mwitikio, matuta yawepo yasiwepo. Ukilinganisha utando wenye matuta na ule usioguswa, unayahesabia matuta sifa ya fuwele bora. Nadhani sehemu kubwa ya maongezeko yanayozidi mara mbili yana mkono wa jambo hili, kwa kuwa hesabu ya mwanga tuliyoipiga mwanzoni haina nafasi ya kuyabeba.

Mwitikio ni mkondo wa mwanga gawanya kwa nguvu ya mwanga iliyoangukia kihisi, ampea kwa wati. Pima nguvu hiyo kwa fotodaiodi ya silikoni iliyosawazishwa, ukiweka kizuizi chenye tundu la eneo linalojulikana. Ufanisi wa fotoni kwa elektroni ni mwitikio mara 1240 gawanya kwa urefu wa wimbi kwa nanomita. Kwa nanomita 650, ufanisi wa asilimia 100 ni ampea 0.52 kwa wati. Fotodaiodi ikikuonyesha zaidi ya hapo, tafuta kosa la eneo kwanza. Kihisi cha mlalo chenyewe kinaweza kuzidi kihalali, kwa sababu chaji iliyonaswa huruhusu elektroni nyingi kupita kwa kila fotoni, ila faida hiyo hulipwa kwa upole wa mwitikio.

Sasa gawanya spektra ya ufanisi ya kundi la matuta kwa ile ya kundi la kalibu bapa, rangi kwa rangi. Umbo la uwiano huo lina mengi ya kusema. Ukipanda sawasawa kwenye rangi zote, mabadiliko ni ya umeme au mwakisiko. Ukibaki karibu na 1 kwenye bluu na kuvimba karibu na ukingo mwekundu, matuta yananasa. Inamisha kihisi nyuzi chache: mbenuko wa kunasa huhama au kugawanyika, wa umeme haujali. Zungusha kipolishi mbele ya mwanga: kwa mistari ya mwelekeo mmoja, mbenuko halisi hubadilika. Mwisho linganisha na ufyonzaji uliopima kwa tufe. Ufanisi ukiongezeka kwa asilimia 20 na ufyonzaji kwa 8, basi 8 ni ya mwanga na iliyobaki umeipata kwingine.

Kisha giza. Uwezo wa kutambua mwanga hafifu hulingana na mwitikio gawanya kwa kelele, na kelele ya chini kabisa hukua kwa kipeuo cha pili cha mkondo wa gizani, yaani mkondo unaopita bila mwanga wowote. Tafsiri yake ni kali: ongezeko la mwitikio la asilimia 15 linafutwa kabisa iwapo mkondo wa gizani utapanda kwa asilimia 32. Kwa kihisi chenye mwitikio wa 0.4 na mkondo wa gizani wa ampea 10⁻⁸ kwa sentimita ya mraba, kanuni inayohesabu kelele hiyo pekee inatoa karibu 7 × 10¹² Jones, kizio cha uwezo huo wa kutambua. Namba hiyo ni dari. Kelele halisi, hasa ya masafa ya chini, huwa juu zaidi, kwa hiyo ipime kwa kichanganuzi cha spektra na uitumie hiyo. Acha kihisi kitulie gizani chini ya volteji kwa dakika kadhaa kabla ya kusoma, kwani ayoni ndani ya perovskaiti husogea na mkondo hushuka polepole. Soma volteji ikipanda na ikishuka.

Kasi pia. Eneo la milimita moja ya mraba, unene wa nanomita 500 na kipimo cha daielektri cha 30 hutoa kapasitansi ya karibu nanofaradi 0.5, ambayo kwa mzigo wa omu 50 huweka kikomo cha megahezi 6. Matuta yanaongeza eneo la elektrodi, hivyo kapasitansi huongezeka kidogo. Kihisi kikipoteza kasi kuliko ongezeko hilo linavyoeleza, chunguza mitego ya chaji kwenye kuta za matuta na urudie kutuliza uso.

Dalili na tiba zake

Mkondo wa gizani ukipanda mara kumi baada ya kuchapa, karibu kila mara ni bonde lililotoboka au kilele kisichofunikwa: punguza kina au ongeza mkolezo wa myeyusho hadi molari 1.4. Utando ukibaki kwenye kalibu, ama hukuusubiri upoe au klorobenzini haikukauka. Madoa ya njano ni iodidi ya risasi iliyoachwa utando ulipovunjika, ishara ya kuoka kupita kiasi au methilamoniamu kutoroka. Madoa ya mviringo yasiyo na matuta ni hewa iliyonaswa. Kalibu moja huchapa mara nyingi, ila iloweshe kwenye isopropanoli na uikaushe kila baada ya matumizi. Mabaki ya risasi yaliyoganda kwenye mifereji huonekana kwenye leza mapema kuliko kwenye jicho, nayo isopropanoli hiyo iliyotumika ni taka ya risasi kama nyingine.

Funika kihisi kabla ya kukitoa kwenye naitrojeni. Usimwage gundi juu ya matuta yanayopokea mwanga kutoka hewani: gundi yenye fahirisi ya 1.5 hujaza mabonde na kubadilisha hesabu yote ya dirisha. Weka kioo cha juu kikiwa kimeinuliwa, gundi ikiwa ukingoni tu, na kikaushio kidogo ndani, kisha rudia kipimo cha spektra na mkondo wa gizani baada ya kufunika, kwa sababu namba za kihisi kilichofunikwa ndizo atakazozipata mtumiaji.